Nimetoka jeshini nina miaka 41. Je, naweza kuingia polisi?

*"Mwalimu, shikamoo. Nimestaafu mwaka huu kutoka Jeshi la Wanamaji la Kenya nikiwa sajini, umri wangu miaka 41. Nilianzia Mtongwe, nikakaa Manda, na 2012 nilikuwa miongoni mwa walioshuka Kismayu. Kazi ninayoijua ni ya sare tu. Nataka kuingia polisi. Kuna bwana mmoja hapa Likoni ananiambia kwa mwanajeshi mstaafu njia ni fupi: nitoe laki tatu na nusu, jina langu liingizwe kwenye orodha, wala sitaenda chuo cha polisi Kiganjo. Mke wangu hataki kusikia. Anasema usingizi wangu ni wa nusu jicho, na pikipiki ikilipua moshi nje naruka kitandani. Anaogopa nikipewa bunduki mtaani nitaua mtoto wa watu. Mimi naona nina nidhamu kuliko polisi wengi. Kati yetu nani ana haki? Na kama si polisi, niende wapi?"*

Marahaba, afande. Umeniuliza habari ya kazi, lakini barua yako ina mambo matatu yaliyofungwa pamoja: pesa zako za kiinua mgongo, usingizi wako, na thamani ya miaka uliyotumikia nchi. Nitayafungua moja moja, na nitaanza na pesa kwa sababu hizo ndizo zinazoweza kukutoka kesho asubuhi.

Usimpe bwana huyo hata shilingi moja. Orodha anayoisema haipo. Kuandikishwa polisi ni bure, hufanywa hadharani siku iliyotangazwa, na hakuna anayekuwa konstebo bila kupitia chuo. Sheria ya kupambana na hongo ya 2016 inamshika anayetoa sawasawa na anayepokea, kwa hiyo ukilipa halafu ukatapeliwa huna pa kwenda kulalamika bila kujitia hatiani. Watu hawa wanawajua wastaafu. Wanajua mwezi pesa zinapoingia, wanajua mtu aliyevaa sare tangu ujana ana haya ya kukaa nyumbani mbele ya watoto, na haya hiyo ndiyo wanayoiuzia. Nimewaona wanaume wazima, waliopita penye risasi, wakipoteza akiba yote kwa kijana mwenye simu mbili na bahasha ya kaki. Peleka habari zake kwa EACC, tume ya kupambana na ufisadi, wana ofisi hapa Mombasa. Kama ameshakutumia ujumbe au namba ya kutumia pesa, usiufute.

Sasa umri. Matangazo ya kuandikisha makurutu wa polisi huweka miaka 18 hadi 28. Una 41. Mlango wa konstebo umefungwa kwako, na ni afadhali ukalijua hilo leo kutoka kwangu kuliko baada ya kusimama juani uwanjani pamoja na vijana wa umri wa mwanao.

Najua kwa nini wengi wanaamini mwanajeshi huhamia polisi kirahisi. Mwaka 2004 Rais Kibaki alimtoa Meja Jenerali Mohammed Hussein Ali jeshini akamfanya Kamishna wa Polisi, akakaa hapo hadi 2009. Watu wakaona jenerali amevaa sare ya polisi, wakadhani sajini naye aweza. Ule ulikuwa uteuzi wa rais kwa kiti cha juu kabisa, tena kabla ya katiba ya 2010. Katiba hiyo inataja vyombo vitatu vya usalama wa taifa: jeshi, idara ya ujasusi na polisi, kila kimoja na kazi yake na amri yake. Hata wanajeshi wanapofanya doria bega kwa bega na polisi kule msitu wa Boni, kila mmoja hubaki askari wa chombo chake. Na jeshi likitakiwa kwenda kutuliza ghasia ndani ya nchi, ibara ya 241 inadai idhini ya Bunge. Walioandika hivyo walikuwa na sababu zao, na hizo ndizo zinazogusa hasa swali lako la pili.

Pia kuna habari za Marekani, ambazo huletwa na filamu. Kule sheria ya mwaka 1944 inawapa maveterani upendeleo katika ajira ya serikali kuu: wanaongezewa alama 5 au 10 kwenye matokeo ya mtihani. Idara nyingi za polisi nazo hufurahia kuwachukua. Sisi hatuna mpango kama huo kwa makurutu wa polisi.

Turudi kwenye nidhamu, ambayo ndiyo unayoitegemea. Unayo, sina shaka. Lakini nidhamu ya jeshi na nidhamu ya polisi hujengwa kwa kusudi tofauti, na tofauti hiyo huwa haionekani mpaka mtu ajikute peke yake usiku.

Jeshini mnatembea kikosi. Amri inatoka juu, adui anajulikana kwa upande aliko, na mkishambuliwa mnafunzwa kujibu kwa nguvu nyingi na kwa haraka kuliko yeye, kwa sababu kusita kunaua wenzako. Mafunzo hayo yanarudiwa hadi mwili unatenda kabla akili haijamaliza kufikiri. Ndiyo maana umerudi hai kutoka Kismayu.

Sasa jiweke Kisauni, saa nne usiku. Uko na mwenzako mmoja. Mmepigiwa simu kwamba vijana wenye mapanga wamemkata mtu karibu na duka la M-Pesa. Mnaona kijana wa miaka kumi na sita hivi, panga mkononi, amekimbilia kichochoro kati ya nyumba mbili za mabati. Ndani ya nyumba hizo wamelala watoto. Mwili wako utataka umfuate, umfungie njia, umshinde. Kazi ya polisi inakutaka usimame. Kaa mbali na panga, jikinge na kitu, washa tochi, mwite, mpe muda, ita wengine wazibe upande wa pili. Jedwali la sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linasema njia zisizo za nguvu zijaribiwe kwanza, na nguvu ikitumika ilingane na kosa na ukinzani uliopo. Risasi ni pale uhai wako au wa mwingine uko hatarini na njia nyepesi hazitoshi. Ukimuua au kumjeruhi vibaya, ni lazima uripoti, na IPOA, mamlaka huru inayowachunguza polisi, itakuja kuuliza maswali hata kama ulikuwa na haki.

Tuseme amelitupa panga na umemkamata. Jeshini kazi ingekuwa imeisha. Kwa polisi ndiyo kwanza imeanza. Umwambie kwa lugha anayoielewa kwa nini anakamatwa. Panga liwekwe alama, liandikwe nani alilishika na saa ngapi. OB, kitabu cha matukio cha kituo, ijazwe. Ni mtoto, kwa hiyo mzazi ajulishwe na asichanganywe na wakubwa rumande. Ndani ya saa 24 awe mbele ya mahakama, isipokuwa muda huo ukiangukia siku ambayo mahakama haikai. Kisha baada ya miezi mingi utasimama kizimbani, wakili akuulize taa ya barabarani ilikuwa umbali gani, na ukijibu kwa hasira kama unavyomjibu kurutu, kesi inakufa na aliyekatwa panga harudishiwi haki yake.

Wewe ni mtu wa bahari, kwa hiyo nikupe mfano wa baharini. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilisimamisha jahazi mashariki ya Mombasa ikakuta kilo 1,032 za heroini zimefichwa ndani ya magunia ya saruji. Kijeshi ilikuwa kazi safi. Dawa zile zilimwagwa baharini, na mabaharia wakaachwa waende zao, kwa kuwa kikosi kile kilikuwa pale kuzuia mzigo na hakikuwa na mahakama ya kuupelekea. Miezi michache baadaye meli nyingine, Amin Darya, ilikamatwa na kuletwa Mombasa ikiwa na zaidi ya kilo 300 za heroini. Hiyo ililipuliwa baharini Agosti 29, 2014, kesi ikiwa bado mahakamani. Wananchi wengi walishangilia. Mimi ninayefundisha watu kutunza ushahidi nilihuzunika, kwa sababu mshukiwa anatakiwa kuuona ushahidi dhidi yake na hakimu anatakiwa kuupima, na kilichozama hakipimiki tena. Mwanajeshi huuliza: tishio limeondoka? Afisa wa sheria huuliza: nitaweza kulithibitisha? Ukiivaa kazi hii utaulizwa swali hilo la pili kila siku.

Je, hiyo ina maana mkeo ana haki moja kwa moja, kwamba mwanajeshi ni hatari mtaani? Hapana. Kuna utafiti uliofanywa katika polisi wa Dallas, ukachapishwa 2018, ulioona kwamba maafisa waliowahi kuwa jeshini, hasa waliopelekwa vitani, walihusika zaidi katika matukio ya kufyatua risasi. Usiupuuze. Ila mji mmoja hausemi yote. Mei 2016, huko Weirton, West Virginia, polisi mmoja aitwaye Stephen Mader, aliyewahi kuwa askari wa Marine na kupelekwa Afghanistan, alikutana na kijana aliyeshika bastola akiielekeza chini, akimsihi ampige risasi. Mader hakumpiga. Alisoma mikono ya kijana yule, sauti yake, akaona ni mtu anayetaka kufa, si mtu anayetaka kuua, akaendelea kuzungumza naye kwa upole. Polisi wengine wawili walifika, kijana akainua bastola, mmoja wao akamuua. Bastola haikuwa na risasi. Mader alifukuzwa kazi, akaishtaki manispaa, na 2018 wakamlipa dola 175,000 kumaliza kesi.

Ninakisimulia kisa hicho kwa kila mstaafu anayekuja kwangu. Kati ya watatu wale, huyu aliyetoka Afghanistan ndiye aliyejizuia. Jeshi zuri linamfundisha mtu kutofyatua, kusubiri, kutazama mikono ya mtu kabla ya uso wake. Ukiwa umebeba hilo kutoka Kismayu, umebeba kitu ambacho vituo vyetu vinakihitaji sana, hasa hapa Pwani ambako kuna mama wanaoshika picha za watoto wao waliochukuliwa usiku wasirudi. Mji huu hauna upungufu wa watu wanaojua kulenga. Unahitaji watu wanaoaminika mlango unapobishwa.

Lakini mtu asiyelala hawezi kujizuia, na hapo mkeo ameona sawasawa.

Unayoyaeleza yana jina: ni dalili za kiwewe cha vita. Ubongo una sehemu inayolinda mlango, inayopiga kengele kabla hujajua ni nini. Ukikaa muda mrefu mahali ambapo kila mlio ni hatari, kengele hiyo hujirekebisha ikawa nyepesi, na ukirudi Likoni haijui kwamba umerudi. Ndiyo maana pikipiki inakurusha. Ndiyo maana unalala nusu jicho, na mtu aliyekosa usingizi kwa wiki nyingi hukasirika upesi, husahau, na huona hatari mahali isipo. Hupaswi kuona aibu. Wala usikubali kuambiwa tu ni jini lililokufuata kutoka Somalia. Dua usiiache, na hospitali nenda. Kama hali hii imepita mwezi mmoja, inahitaji mtaalamu. Kuna tiba ya mazungumzo inayomrudisha mtu kwenye kumbukumbu ile polepole na kwa usalama hadi ubongo ujifunze upya, na kuna dawa zinazosaidia wengine. Watu hupona. Anza na hospitali ya jeshi uliyokuwa ukitibiwa, au kitengo cha afya ya akili cha Port Reitz, au Coast General. Mchukue mkeo, kwa sababu yeye ndiye anayejua unavyolala.

Na hapa nasema waziwazi: ukiona unakunywa pombe au kutafuna miraa ili upate usingizi au usiupate, ukiinua mkono kwa mke au mtoto, au likikujia wazo kwamba ni heri usingekuwapo, usingoje siku ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo, hata usiku, na usiende peke yako. Ombi lolote la kazi yenye silaha lisubiri mpaka mtaalamu akuambie uko tayari.

Wakati unatibiwa unaweza kuanza kutafuta njia, kwa sababu njia zipo na nyingine zinakufaa kuliko polisi.

Ningekuwa wewe ningetazama Liwatoni kwanza. Huduma ya Walinzi wa Pwani ya Kenya iliundwa kwa sheria ya 2018 na ikazinduliwa hapo Liwatoni Novemba mwaka huo. Ni chombo cha kusimamia sheria baharini: uvuvi haramu, dawa za kulevya, binadamu wanaosafirishwa, uchafuzi wa maji, uokoaji. Ilianza kwa kukusanya watu kutoka jeshini, polisi na idara nyingine, na mkurugenzi wake wa kwanza alitoka jeshini, kwa hiyo lugha yako wanaielewa. Mtu anayejua mkondo wa Kilindini, anayejua jahazi la Pemba na jahazi lililotoka mbali kwa kulitazama linavyokaa majini, hapatikani kwa mafunzo ya miezi michache. Soma kila tangazo lao kwa makini, hasa nafasi za ufundi, unahodha na ukufunzi, na usikate tamaa ukiona la makurutu lina umri wa vijana.

Ya pili ni bandari na meli. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 nchi za dunia zilikubaliana kanuni za usalama wa meli na bandari, ISPS, zilizoanza kazi Julai 1, 2004. Tangu hapo kila bandari inayopokea meli za kimataifa ni lazima iwe na afisa wa usalama aliyefunzwa, mpango ulioidhinishwa, udhibiti wa malango na rekodi. Chuo cha Bandari Maritime Academy kiko hapa hapa, na kozi za usalama na za uokoaji wanazotoa ndizo makampuni ya meli yanazoziuliza. Miaka yako ya jeshini peke yake si cheti cha meli za biashara. Peleka rekodi zako za muda wa baharini kwa Mamlaka ya Bahari, wakuambie ni kipi kitahesabiwa na ni kipi utasomea. Pesa za yule bwana wa Likoni zingelipa kozi nyingi hapo.

Ulinzi wa kampuni binafsi ndio unaopatikana upesi. Sheria ya 2016 inataka kila mlinzi asajiliwe na PSRA, mamlaka inayosimamia ulinzi binafsi, na awe amefunzwa. Hutabeba bunduki, na uwezo wako wa kukamata ni ule wa raia: umeona kosa, umemshika, unamkabidhi polisi bila kuchelewa. Mshahara wa getini utakuumiza moyo. Lenga usimamizi na mafunzo, hoteli za Nyali na maghala ya Changamwe na Miritini huhitaji mtu wa kupanga zamu na kuandika ripoti inayosomeka. Askari wa kaunti na walinzi wa hifadhi za bahari ni milango pia, lakini nafasi ni chache na huja kwa nyakati.

Onyo moja kabla sijasahau. Wakala akikuahidi kazi ya ulinzi Urusi au kwingineko kwa mshahara mkubwa na tiketi ya bure, muulize usajili wake katika Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na uusome mkataba kwa lugha unayoijua. Wakenya wamejikuta mstari wa mbele wa vita vya Ukraine baada ya kuahidiwa kazi nyingine kabisa, na wanaotafutwa hasa ni watu kama wewe.

Mwambie mkeo kwamba sikumwona kama mtu anayekuzuia. Msomee barua hii yote, hata sehemu ya Dallas.

Wiki hii fanya haya. Omba cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi, kupitia eCitizen, kisha upigwe alama za vidole Huduma Centre. Karibu kila mwajiri niliyemtaja atakiuliza. Toa nakala za cheti chako cha utumishi na vyeti vya kozi zote, vithibitishwe na wakili, na asili zibaki nyumbani. Andika kwa Kiswahili cha kawaida kazi ulizofanya: uliongoza watu wangapi, chombo gani, ulihifadhi silaha au mafuta kiasi gani bila upungufu, kwa sababu meneja wa hoteli hajui sajini hufanya nini. Jiunge na chama cha wastaafu, DEFOCA, wale wazee wetu bado wanakiita KAFOCA. Kazi nyingi za wastaafu husikika huko kabla ya kutangazwa gazetini. Na tarehe ya kliniki ya Port Reitz ikipangwa, niandikie uniambie ni lini.